Jina la Yule wa Kwanza

Daktari aliniambia mapacha wangu watatoka kwa upasuaji, kwa sababu wa kwanza alikuwa ametanguliza matako. Mama mkwe akakataa. "Ukipasuliwa, utainuaje gunia la viazi?" aliniuliza, na huku kijijini kwetu Dundori mavuno yalikuwa yamekaribia. Nami, mjinga mimi, nikamtii.

Uchungu ulinishika nyumbani, tukachelewa kufika hospitali. Wa kwanza alikwama, akatoka bila kulia. Wa pili walinipasua wakamtoa mzima.

Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa mume, wa pili la baba wa mke. Aliyebaki ana jina la babangu. Lakini mama mkwe humwita kwa jina la marehemu mumewe, lile nililomzika nalo yule mwingine. Mtoto huitika, anakimbia kwake.