Musawo wa Bwera anayeanza na mikono

Saa tatu asubuhi, siku ya soko la Mpondwe, foleni ya zahanati moja ya binafsi katika mji wa mpakani wa Bwera ni ya wanaume tu, na hakuna anayemtazama mwenzake. Ukiwauliza, kila mmoja amekuja kwa malaria.

Ndani, tabibu Yunia Kabugho, ambaye wagonjwa humwita musawo, anajua vizuri malaria hiyo inawashia wapi.

"Fungua mukono," anamwambia fundi mwashi Masereka, ambaye tayari ameshika mkanda wake. "Suruali itangoja."

Masereka ananyoosha viganja. Ngozi imepasuka katikati ya vidole, na simenti imekaa kwenye nyufa. Yunia anavigeuzageuza kama mama anayechagua nyanya sokoni, na uso wake unachangamka.

Kwenye benchi ameketi Kavira, mke wa Masereka, mzaliwa wa Butembo ng'ambo ya mpaka. Miguuni pake kuna begi lililofungwa kamba. Ameapa kwamba akisikia ugonjwa wa zinaa leo, anapanda gari la kwao soko likivunjika.

"Bwana yangu anajikuna tangu Pasaka," anasema bila kupandisha sauti. "Batu banasema iko na bibi ingine. Mi nataka kujua tu."

Masereka anatazama sakafu. Kichwa cha uume kilipoanza kuwa chekundu, muuza dawa mmoja alimchoma sindano za kisonono bila kumwangalia. Ziliposhindwa, alijitibu mwenyewe kwa sabuni ya kufulia na maji ya chumvi.

"Nilifua hiyo kitu kama ovaroli, musawo," anakiri. "Asubuhi na jioni. Ilikuwa inazidi tu."

Yunia alizaliwa Rukoki na ametibu watu kwa zaidi ya miaka kumi. Alipoanza kazi Kasese, wanaume waligoma kuvua mbele ya mwanamke. Akaanza kuwaomba mikono, wapate kumzoea kwanza. Haya ilipungua, na mikono nayo ikawa inamwambia mambo: hapa fundi wa simenti, pale mama anayesaga pilipili, huyu anachota chumvi Katwe.

"Watu wanajua ya kwamba huko chini kuna ugonjwa ya umalaya peke yake," anasema. "Lakini hiyo nayo ni ngozi. Inachoka, inaungua, kama ya mukono."

Hata hivyo haamini mikono peke yake. Hupima damu kutafuta kaswende na virusi vya UKIMWI, hupima sukari kwenye mkojo, kisha humwangalia mgonjwa nyuma ya pazia. Kidonda kisichopona hukipeleka Kasese, kikatwe kipande kidogo na kupimwa.

Leo majibu ya Masereka yanarudi safi. Kavira, aliyetaka kupimwa pia, naye yuko salama.

"Ukitoka choo, unanawa?" Yunia anamuuliza Masereka.

"Nanawa sana."

"Na ukiingia?"

Masereka anatazama viganja vyake vyenye simenti, kisha suruali yake, kisha mkewe.

"Kipimo haijui moyo ya mutu," Yunia anamwambia Kavira. "Lakini hii kuwasha, bwana yako hakutoa kwa mwanamuke. Alitoa kwa ukuta."

Kavira anaanza kucheka, analia kidogo, halafu anacheka tena. Anafungua kamba ya begi, anatoa chapati za safari na kuwagawia wote chumbani, mwandishi akiwemo. Zilikuwa tamu, na furaha ya chumba kile ilikuwa tamu zaidi.

Dawa ni nyepesi: hakuna sabuni wala chumvi huko chini, maji peke yake, mafuta yasiyo na harufu, na krimu hafifu kwa wiki moja. Na kunawa kabla, simenti isifike huko.

Masereka ndiye aliyetaka jina lake liandikwe. "Andika kubwa," anasema. "Mashemeji wangu wanasoma gazeti."

Wiki chache baadaye amepona kabisa, na mwandishi anamkuta juu ya jukwaa, akipiga lipu huku akipiga mluzi. Chini, Kavira anawauzia mafundi uji. Karibu naye limening'inia dumu la maji, na halikuwekwa pale watu wanapotokea chooni kama ilivyozoeleka, bali njiani wanapoingilia.

Ndilo tumaini la Yunia, kwamba kila jengo linaloinuka kati ya Bwera na Kasese liwe na dumu kama hilo. "Foleni yangu ipungue," anasema, "wakuje na malaria ya kweli."

Fundi mmoja anapita mbio kuelekea chooni, mikono imejaa simenti. Kavira anamzuia njia kwa upawa wa uji.

"Mikono kwanza, papa."

Fundi anaruka kwa mguu mmoja, lakini ananawa.