Hapa Huwa Tunashuka

Avelina hajui kukaa. Mwalike kwenye sherehe ya kipaimara, na kabla wali haujapakuliwa utamkuta mlangoni akiuliza nani hajapata maji ya kunawa. Kanisani hukaa benchi la mwisho, na tusimsingizie unyenyekevu: ni ili padre akishasema nendeni na amani, yeye awe wa kwanza kwenda. Mumewe Wilibrodi, seremala mtaratibu kuliko mbao zake, husema alitaka kuoa mke akaoa upepo wa Julai. Kwa hiyo watu wa Izia hawakushangaa sana yeye alipokuwa wa kwanza mtaani, na mpaka leo wa pekee, kununua bajaji ya umeme.

Ilikuwa hivi. Redio ilisema serikali imepunguza kodi kwenye vyombo vya umeme, na Avelina hakusubiri habari za michezo. Aliuza maharage yote ya ghalani, akauza na cherehani, akaenda kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ameleta bajaji za aina hiyo kwa kujaribu. Jaribio lenyewe halikudumu. Mwenye duka alipoona wateja wanakuja kupapasa viti na kuondoka, alirudi kwenye pikipiki zake za petroli. Avelina alipomuuliza fundi wa kile chombo yuko wapi, alijibiwa bila aibu kwamba yuko Mbeya.

Nisiisingizie bajaji hiyo ubaya. Kwenye tambarare inateleza vizuri kabisa, na inachajiwa nyumbani umeme ukiwepo. Tatizo lake ni mlima. Ukitoka Izia kwenda Mazwi, katikati ya mji, kuna mwinuko wa mawe, na ile baridi ya asubuhi ya Ufipa, inayokula nguvu ya betri, unaijua. Akipakia abiria watatu, bajaji hufika katikati ya mlima ikapunguza mwendo, taa nyekundu ikawaka, ikasimama. Siku za kwanza abiria walimtukana. Baadaye, kwa kuwa nauli yake ilikuwa nafuu kuliko za wenzake, walizoea. Wakifika kwenye mashine ya kusaga iliyo chini ya mlima, Avelina anasimama, wanashuka bila kuambiwa, wanapandisha kwa miguu, kisha wanapanda tena juu. Bibi Cornelia, anayepeleka ulezi sokoni karibu kila siku, huacha ndoo yake kwenye kiti na kushuka hata akiwa abiria peke yake na jua likiwaka. Avelina akimwambia leo si lazima, husema miguu yake imeshajua.

Lakini si mlima uliokuwa ukimnyima Avelina raha. Ni upweke. Bajaji ilipoharibika msimu wa mvua ililala uani mpaka kuku wakaanza kutagia humo, huku yeye akizunguka nyumba kama aliyefungiwa. Kila siku alikuwa akisema jambo lile lile: tungekuwa wengi, fundi angekuja mwenyewe, na vipuri vingeuzwa stendi kama vya wengine. Alikuwa akitazama kila bajaji mpya inayoingia mjini, akisikia tu mngurumo wa petroli, anageuza shingo pembeni.

Ndipo mtendaji wa kata, Bwana Obed, alipokuja kwake na habari. Mgeni rasmi anakuja kutoka wizarani kuangalia kama mkoa unafaa kujengewa vituo vya kuchajia magari na bajaji za umeme, na kama mafundi wafunzwe hapa hapa.

"Serikali haipeleki kitu pasipo na uhitaji, Avelina," Obed alisema. "Wanataka kuona wananchi wanavitaka vyombo hivi."

"Wananchi gani? Si niko peke yangu?"

"Basi wewe ndiye uhitaji wenyewe. Utampakia mgeni, utamzungusha pale ofisini kwenye tambarare, halafu atakuuliza, nawe utasema ni nzuri."

"Na mlima?"

"Mlima hauko kwenye ratiba."

Avelina alicheka, lakini Obed alipoondoka alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Ni neno moja tu, nzuri, na kila alichokuwa akikililia kingekuja.

Kesho yake akaja wifi yake Albina, dada wa Wilibrodi, kutoka kijijini kwao njia ya Nkasi. Albina amechoka na jembe na alikuwa akitaka kuhamia mjini. Ameshapata mteja wa maksai wake, mfugaji mmoja Msukuma aitwaye Shigela, na kwa fedha hiyo alitaka kununua bajaji.

"Wifi, wewe ndiyo unayo," alisema, akiwa bado na vumbi la safari. "Niambie ukweli. Ninunue kama hiyo yako?"

Avelina akaanza kupiga hesabu. Albina mjane, hana kingine zaidi ya wale maksai. Lakini Albina akinunua watakuwa wawili. Wawili ni mwanzo wa wengi.

"Kaa mpaka siku ya mgeni," alimjibu. "Utasikia mwenyewe."

Lilikuwa jibu la kukwepa na alilijua. Siku zote za kusubiri hakutulia. Alikuwa akipika anasahau chumvi, akiendesha anapitiliza abiria. Asubuhi moja alipiga moyo konde akasema atamwambia Albina kuhusu mlima. Alipomkuta anaimba huku akipangusa viti vya bajaji, akamuuliza tu kama amekunywa chai. Mwishowe aliamua: atasema ni nzuri, na mengine Mungu atajua. Alipoamua hivyo alitegemea atapata amani, lakini hakuipata.

Mgeni alikuwa mama mnene mchangamfu, mhandisi, amevaa viatu vya kupendeza visivyofaa kwa mawe yetu. Walimkalisha kwenye bajaji katikati, Obed upande mmoja, na upande wa pili Bibi Cornelia, aliyechaguliwa kuwakilisha abiria wazee. Albina alifuata nyuma kwa bodaboda pamoja na umati uliotaka kuona. Wakazunguka ofisi ya kata. Bajaji ilikwenda kimya, inateleza, watu wakapiga vigelegele.

"Hii raha!" mgeni alisema. "Dereva, kwa nini tuzunguke hapa hapa kama kuku? Nipeleke mpaka mjini."

"Mheshimiwa, ratiba..." Obed alianza.

"Ratiba ni yangu. Twende."

Wakaenda. Jua lilikuwa kali siku hiyo na chaji imejaa. Avelina alijiambia huenda leo ikapanda. Kweli huenda ingepanda. Mpaka leo hajui, na hilo nalo linamwasha. Kwani walipofika kwenye mashine ya kusaga, kabla hajafikiri chochote, mguu wake ulikanyaga breki. Ulikanyaga wenyewe, kama unavyokanyaga kila siku. Bajaji ikasimama, na Bibi Cornelia akakusanya khanga zake akashuka.

"Bibi, mbona unashuka?" mgeni aliuliza.

"Hapa huwa tunashuka," Bibi Cornelia alisema kwa upole, akimpa mkono amsaidie. "Na wewe shuka, mwanangu. Tutapanda tena kule juu."

Watu wa mashine ya kusaga walitoka nje. Obed alishikwa na kikohozi. Mgeni alimgeukia Avelina.

"Kwani haipandi?"

Bado palikuwa na nafasi. Angeweza kusema bibi amezeeka, amechanganya njia, na wote wangecheka yakaisha. Lakini kwenye kioo cha pembeni alimwona Albina ameshuka kwenye bodaboda, amesimama katikati ya njia, mdomo wazi, anasubiri jibu kuliko mgeni mwenyewe.

"Nikiwa peke yangu inapanda," Avelina alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nikipakia watu, na baridi yetu hii, haipandi. Na ikiharibika fundi yuko Mbeya. Huo ndio ukweli wake."

Mgeni hakukasirika. Alivua viatu, akavishika mkononi, akapandisha mlima pamoja na Bibi Cornelia wakizungumza habari za ulezi. Kule juu alimshukuru Avelina kwa kusema kweli, akasema suala hili litahitaji utafiti zaidi. Akaingia kwenye gari lake la dizeli lililokuwa likifuata nyuma, akaondoka. Tangu hapo hakuna habari. Kibao cha kituo cha kuchajia, ambacho Obed alikuwa ameshakipaka rangi kabla mgeni hajaja, sasa kinaziba tundu kwenye banda la kuku la jirani yake, na Obed mwenyewe alipita kwa Avelina wiki nyingi akitazama upande mwingine.

Albina aliwauza maksai wake vile vile. Akahamia mjini, akanunua bajaji ya petroli, mpya, yenye mngurumo wa kutosha kuamsha mtaa. Na unadhani aliamua kupaki wapi? Chini ya mlima, kwenye mashine ya kusaga. Abiria wa Avelina wakishuka, wanaingia kwa Albina, wanapanda wamekaa. Bibi Cornelia peke yake ndiye anayepandisha kwa miguu na kurudi kwenye kiti chake. Avelina aliumia. Alisema maneno jikoni ambayo Wilibrodi aliyajibu kwa kuendelea kupiga randa. Mimi nimemwokoa, alisema, na malipo yake ndiyo haya.

Kisha petroli ikapanda bei, ikapanda tena. Jioni moja Albina aliingia uani kwa miguu, bajaji ameiacha nyumbani bila mafuta. Alimkuta Avelina anachaji yake. Alikaa kwenye kigogo cha seremala, akavua ndala, akazikung'uta vumbi.

"Wifi," alisema, "siku ile ungesema tu ni nzuri."

"Albina! Ungekuwa unasukuma mlimani sasa hivi."

"Tungesukuma wote." Albina hakuinua macho. "Ningekusukuma wewe, nawe ungenisukuma mimi. Mbona mimi mlima ule niliujua? Bibi Cornelia alinisimulia kabla hata mgeni hajafika. Nilikuwa nauza maksai wangu ili tuwe wawili, wifi. Nilikuwa nangoja tu na wewe useme unataka."

Avelina aliinama akachomoa waya wa chaji, akauchomeka tena, ingawa taa ya kijani ilikuwa imewaka zamani.