Siku niliyofua shati ndani ya bahari ya kaka yangu

Wakuu, salamu kutoka Makadara, Nairobi.

Shule niliishia darasa la saba, kwa hivyo mnivumilie. Lakini daftari la kila siku nimeandika tangu usichana, na haya nayatoa humo. Nisipokumbuka, nitasema sikumbuki.

Ni mwanzo wa miaka ya themanini. Tunakaa nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, baba anafanya kazi reli. Kaka yangu mdogo, Wafula, ametoka chuo na degree ya physics, anafundisha shule moja ya hapa mtaani.

Ghafla anasema anataka kusoma bahari.

Bahari! Mtu hajafika hata Mombasa.

Baba akamwambia, "Kijana, mwalimu ana mshahara. Samaki hawajawahi kumlipa mtu."

Nisimwonee baba, alikuwa anaogopa tu. Hata mimi niliogopa.

Wafula akamwandikia mtafiti mmoja wa pwani. Mzee yule akajibu kwamba anatafuta kijana mmoja tu wa kufanya naye kazi, na Jumamosi akiwa Nairobi atapita nyumbani aone Wafula anaweza nini.

Basi Wafula akaunda sanduku refu la mbao la kumwonyesha, upande mmoja kioo cha dirisha, akaziba nyufa na puti ya madirisha. Akaliweka uani, akalijaza maji polepole kwa siku mbili.

Mimi kando yake niliona vitu viwili tu: pakiti ya chumvi na buluu ya kufulia.

Sasa wakuu, nyinyi mliolelewa mitaa hii niambieni. Chumvi ya kushika rangi, buluu ya kung'arisha nyeupe. Hayo ni maji ya nini?

Jumamosi mfereji umekauka, na Wafula ameenda stage ya basi kumpokea mgeni. Nikasema, kaka yangu ana roho nzuri, ameniachia maji ya kusuuzia. Nikachukua shati lake jeupe la kanisa, nikalishusha taratibu upande mmoja.

Mama Wanjiru wa mlango wa pili akapiga kelele, "Woi! We msichana, hayo si ya kufua! Hiyo ndiyo bahari ya Wafula!"

Nikalitoa. Pindo buluu, kola nyeupe.

Na hapo hapo wakaingia.

Wafula alitazama shati, akanitazama mimi. Akalichukua, akalitundika kwenye kamba. Afadhali angenitukana.

Mgeni akachuchumaa kwenye kioo. Kumbe chini yalikuwa maji ya chumvi yenye buluu, juu maji matamu, na hayakuwa yamechanganyika sana. Juu kumetulia tuli. Lakini ule mpaka wa buluu ulikuwa unapanda upande huu, unashuka upande ule, polepole kama kifua cha mtu aliyelala.

"Hili wimbi umelianzishaje?" akauliza.

Wafula angeweza kusema ni lake. Mimi ningesema.

"Si mimi, mzee. Ni sista yangu huyu, alikuwa anafua."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. "Haya. Niambie kwa nini linaenda polepole hivyo."

Wafula akaeleza uzito wa maji haya na yale, kwamba tofauti yake ni ndogo, ndiyo maana mpaka hauna haraka. Sikuelewa hata nusu.

Mgeni akaondoka na neno moja: "Tutakuandikia."

Jioni niliandika: "Leo nimeharibu shati na maisha ya Wafula. Mungu anisamehe."

Barua ilichukua wiki mbili. Alichukuliwa.

Kusema haki, huenda angechukuliwa hata bila mimi. Kichwa kilikuwa chake. Lakini barua yake ya kwanza kutoka baharini ilisema wameshusha vipimajoto chini, wameupata ule mpaka, maji ya joto juu na ya baridi chini, na unapanda na kushuka vile vile. Akaongeza, "Nilikuwa nimevaa lile shati."

Sentensi yangu ya siku ile sijaifuta. Chini yake niliandika tu, "Asante."

Nilichojifunza: usiandike hukumu siku ile ile. Na mwenzako akikosea mbele ya watu, sema ukweli bila kumwaibisha, kama Wafula.

Haya, nani mwingine aliharibu kitu cha mtu na kikageuka baraka? Mnaonicheka pia mnakaribishwa.