Safari ya Farasi na Mkwe Nisiyemtazama

Binti yangu aliponiletea habari kwamba nimealikwa kwenda Alsace, Ufaransa, kupanda farasi siku nne, kijiji hadi kijiji, kati ya mashamba ya mizabibu, nilikuwa jikoni kwangu Anderlecht, Brussels, napika sombe, kisamvu chetu. Nilicheka mpaka nikaangusha mwiko. Mimi? Mwanamke wa Lubumbashi mwenye miaka hamsini na ushee, magoti yanayolia kila nikipanda ngazi za metro? Huyo farasi amenikosea nini?

Lakini mwaliko ulitoka kwa mama wa mchumba wake, Mbelgiji anayefuga farasi nje kidogo ya Brussels. Kila Oktoba yeye na mwanawe walikwenda huko. Safari hii, mwanzoni mwa miaka ya 2010, alitaka tujuane kabla ya harusi, iliyopangwa kufanyika baada ya Pasaka. Mume wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ukoo wetu mzima Ulaya ulikuwa ni mimi. Mwaliko wa wakwe haukataliwi. Nikanunua suruali.

Sasa nieleze jambo moja. Katika ukoo wetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Humwangalii usoni, humshiki mkono, huli naye meza moja. Si chuki. Ni heshima, tena ile kubwa kuliko zote. Mama yangu akimwona mume wangu anakuja, aliacha njia akapitia kwenye mihogo ya watu, na mume wangu alitabasamu, maana alijua anapendwa. Heshima si utumwa, nami sikuona sababu ya kuitupa eti kwa kuwa naishi Ulaya.

Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee wa mtaa wa Uccle majumbani mwao. Niliwainua, niliwaogesha, niliwavalisha. Kutwa nzima mikono yangu ilikuwa juu ya miili ya watu wasio ndugu zangu. Lakini yule kijana, karibu mwaka mzima akija kwangu, sikuwahi kumgusa hata kidole. Nilimpikia kuku mzima, nikamwandalia sebuleni, mimi nikala jikoni. Nilidhani anaona jinsi ninavyompenda.

Huko Alsace nilipewa farasi jike mzee, mnene kama mimi, na mama wa kijana akanifundisha kumpanda kwa kusimama kwanza juu ya ukuta mfupi. Sitadanganya: nilifurahi. Mizabibu niliijua kwenye Biblia tu, na sasa ilikuwa chini yangu kilima kizima, majani ya manjano, imepangwa mistari kama nywele za mtoto wa shule zilizosukwa. Mvinyo nao nilionja. Mchungaji wangu asisikie, ulikuwa mtamu.

Njiani tulikuwa wanne, nami nilijiweka nyuma kabisa ili mkwe nimwone mgongo tu. Akipunguza mwendo, nami nilipunguza. Wakati wa chakula wao walikaa mezani kwenye ua wa mkulima, mimi nikabeba sahani yangu nikaenda kula karibu na farasi.

Siku ya tatu, mchana, binti yangu akanifuata huko huko, macho mekundu.

"Maman, bon, nikuambie. Anasema haumupende. Mwaka muzima haumuangalie, ata farasi unamuangalia kumupita. Anasema hawezi kuoa mu famille yenye haimutake. Anataka tuache mariage, ndoa isikuwe."

"Na weye haukumuelezea?"

"Nimuelezee nini? Ata mie nilizani haumutake, juu ya kuwa ni muzungu."

Nilimlea Brussels mtoto huyu. Hakuwahi kumwona nyanya yake akikimbilia kwenye mihogo. Nikamweleza yote. Akacheka, akalia, akakimbia kumtafuta mwenzake. Mimi nikabaki na hofu nyingine: sasa atakuja kunikumbatia, desturi yao, na juu ya farasi nitakimbilia wapi?

Hakuja. Tukaendelea na safari. Alasiri tulipanda njia yenye matope, na kwenye mtaro farasi wangu akagoma, akaingia ubavuubavu kwenye mizabibu. Tandiko likaanza kuteleza. Binti yangu na mama wa kijana walikuwa wameshapotea kwenye kona. Mbele yangu alikuwepo yeye peke yake.

"Yesu wangu!" nikapiga kelele, nimeng'ang'ania manyoya ya shingo ya farasi.

Akaanza kugeuka, kisha akajizuia. Akashuka, akavua koti, akalitandika begani. Halafu akaja kwangu kinyumenyume, polepole, akiteleza, akijigonga kwenye nguzo za mizabibu, uso ameuelekeza kijijini chini. Akapapasa nyuma kwa mkono mmoja mpaka akazipata hatamu.

"Maman," akasema kwa Kiswahili chetu, neno moja moja, "siangalie. Kamata bega."

Nikalishika bega juu ya koti. Nikashuka, magoti yakalia lakini yakanibeba.

Hakugeuka. Alisubiri niondoke. Kwetu iko njia ya kuyamaliza hayo: mkwe huleta mbuzi, mama mkwe akampokea, basi wanaweza kutazamana. Hapo mbuzi hakuwepo. Palikuwa na matope tu, na mtoto wa watu aliyetembea kinyumenyume kwa ajili yangu. Nilimpenda vibaya sana saa ile.

"Mwanangu, geuka."

Neno hilo alikuwa hajafundishwa. Basi nikamzunguka mimi, viatu vikizama, mpaka nikawa mbele yake. Kumbe alikuwa amefumba macho, ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayechomwa sindano.

Nikamshika mashavu kwa mikono yote miwili, nikamwambia kwa Kifaransa ayafungue, na ndipo nilipojua kwamba mume wa binti yangu ana macho ya kijani.