Firigisi ya Mama Ngoie

Juzi mujukuu wangu alikuwa anasoma kwa sauti somo lake, habari ya wakubwa waliogeuza dini na utawala wa watu. Nikacheka. Minye, kugeuzwa huko ninakukumbuka kwa harufu ya kuku.

Redio ilikuwa imesema ni amri ya serikali, majina ya ubatizo yaishe, kila mutu achukue ya mababu. Mchana ule moshi wa kiwanda ulikuwa unakwaruza koo, mama anakaanga kuku kwa mawese, na mawese ya wakati ule yalikuwa mawese kweli. Baba akatoka kazini, akamuita mdogo wangu.

"Maria haiko tena. Weye ni Ngoie, mama yangu."

Kwetu, mwenye jina la mama yako unamheshimu kama yeye. Baba akachukua firigisi, ambayo hula mwenye nyumba peke yake, akamupa kwa mikono mbili. "Kula, mama."

"Na minye, baba?"

"Weye ni Mwadi, shangazi yangu wa Kamatanda."

Yule mkali, mwenye kunusa tumbaku!

Nilifikiri ni serikali iliyotugawia majina, nikaichukia kimya kimya. Leo najua ni baba aliyechagua, na hiyo inauma zaidi.

Siku hizi majina ya ubatizo yamerudi. Jumapili Maria alikuja kula kwangu. Firigisi niliiweka kwa sahani yangu kabla hajakaa.

"Yaya," akaniita, kama tunavyoita dada mkubwa, "mpaka leo?"

"Mpaka leo, mama," nikamujibu, nikatafuna.