Nilipoishia Themanini na Tatu

Iko siku moja haijanitoka, nikiwa kidato cha pili hapa Karatu. Mwanangu, weka kwanza hiyo simu. Najua inaitambua namba tasa kabla hujapepesa jicho. Sisi tulianza kwa kupanga mbegu za ngwara, yale maharage ya huku kwetu: zikigoma kukaa kwenye mistari iliyo sawa, kila mara inabaki moja au mbili, basi namba hiyo ni tasa.

Mwalimu akatupa 8633, mimi na Naserian, binti wa wafugaji wa Endulen. Hiyo hupangi kwa mbegu. Unaigawanya kwa namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine, na ya mwisho hapo ilikuwa themanini na tisa, maana zinazofuata ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe zinapita 8633. Nilipofika themanini na tatu, makande yakanukia jikoni.

"Bura, bado moja," Naserian akasema.

"Aah! Zimekataa zote hizo, hiyo moja ndiyo itakubali?"

Nikaandika: ni tasa. Kumbe wapi! Mwalimu akaandika ubaoni: 89 mara 97. Akauliza nani aliishia njiani. Nami, mbwa mimi, nikamnyooshea Naserian kidole. Darasa likamcheka. Aliniangalia tu. Shule ilipofungwa akaenda kwao, hakurudi tena.

Nilimpenda, mwanangu. Sikuwahi kumwambia, wala kumwomba radhi.

Nilipokuwa mwalimu nilipata lifti ya kwenda Endulen. Niliuliza boma hadi boma, nikaambiwa hayupo. Likabaki moja, ng'ambo ya korongo. Dereva akapiga honi, maana Endulen iko ndani ya hifadhi na geti lake hufungwa jioni. Nikajisemea, kama hayuko kote huku, kule ndiko atakuwepo? Nikapanda gari.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja hapa nyumbani, amejifunga shuka. "Shikamoo, mwalimu Bura. Mimi ni binti wa Naserian. Mama ametutoka. Siku ile ulipokuja Endulen, alikuona toka ng'ambo ya korongo. Alinibeba mgongoni, akaanza kuteremka, gari likaondoka."

Akanipa karatasi iliyokunjwa hadi imechakaa. Juu iliandikwa 9973. Chini yake Naserian alikuwa ameigawanya kwa mkono, kuanzia mbili, tatu, tano, hadi tisini na saba, na kila mara kuna kilichobaki. Mwishoni aliandika: "Bura, hii nimeifikisha mwisho. Ni tasa kweli."

Nililia mbele ya mgeni, sikuona aibu. Natamani kumwona hadi leo, hata anicheke tu.

Basi nakuomba, mwanangu, usiseme hakuna kabla hujafika pale pa mwisho. Ukikosea, sema, "Ni mimi," siku hiyohiyo. Na yule unayemkumbuka, mpigie leo, simu si unayo mkononi? Mungu akupe miguu ya kuvuka korongo, na umkute mtu wako angali hai.