Punje Niliyoificha Chini ya Ulimi

Kwanza nilisikia kikohozi. Kikohozi kikavu, cha mtu anayejizuia, kikitokea migombani nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, pale Kibeta. Sikuwa nimemwona mtu bado. Nilikijua kikohozi kile. Ndugu zangu wasomaji, nilimkosea mwenye kikohozi kile, na mpaka leo naogopa!

Jina langu siliandiki. Niiteni mwoga, inatosha.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, Kampala, ng'ambo ya ziwa. Kwetu ni Nshamba. Kule kijijini mtoto akiingia chuo kikuu si wa baba yake tena, ni wa wote. Siku ya kuondoka kina mama waliniletea senene waliokaushwa, wazee wakanipa kahawa ya kutafuna njiani. Wakaniambia, "Sasa wewe ni ulimi wetu. Kasome lugha ya wakubwa, uje utusemee."

Ulimi wao! Laiti wangejua ulimi huo ungekuja kuficha nini.

Aliyenibebea sanduku hadi kwenye basi alikuwa Mutalemwa, jirani niliyechunga naye mbuzi. Shule aliiacha mapema ili amlimie mama yake mjane. Likizo yangu ya kwanza akaniambia, "Tuchanjiane. Nataka na mimi niwe na munywani chuoni." Munywani kwetu ni rafiki wa damu. Anampita ndugu wa tumbo moja.

Nilikubali upesi. Msinisifu! Mwalimu wetu mmoja Mzungu alikuwa ametuagiza tuandike mila za kwetu, nami nikaona insha yangu imejileta yenyewe.

Wazee mnajua inavyofanywa. Huchukuliwa tunda moja la kahawa, lenye punje mbili ndani, pacha. Tulichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akaipaka punje yake damu yake, tukabadilishana ili tumeze. Mama yake Mutalemwa alikaa akitutazama kama mtu anayezaa mara ya pili. Baba yake mdogo akatamka kiapo: "Ndugu yako akija na shida, ukamfungia mlango, punje hii ivimbe tumboni mwako, ikupasue."

Mutalemwa akameza.

Mimi niliilaza punje chini ya ulimi, nikajifanya nameza. Baadaye niliitema kiganjani, nikaitia ndani ya kiberiti kitupu.

Chuoni nikawa mfalme wa bweni! "Lete kahawa ya damu tuione," wenzangu walisema. "Na usijikune kitovu, wewe, mwenzio ataruka usingizini huko Nshamba!" Tulicheka hadi machozi. Mimi nilicheka kuliko wote. Insha ikasifiwa mbele ya darasa.

Likizo iliyofuata, watu wa bwana shamba wakaingia kibanjani kwa Mutalemwa, shambani mwake mwa migomba na kahawa. Walisema migomba yake ina wadudu wa fukusi, lazima ikatwe. Humo ndimo alimozikwa baba yake. Mutalemwa akasimama mbele ya migomba, mikono ameitanua, mitupu. Mmoja wao alirudi nyuma, akateleza kwenye gogo la mgomba lililolowa utomvu, akaangukia panga lake mwenyewe. Mkono ukachanika.

Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu haya mawili!

Yule mtu akasema amekatwa na Mutalemwa. Askari wakaanza kumtafuta. Na mimi? Kesho yake nilipanda basi kwenda Bukoba, kwa shangazi yangu, kungojea meli.

Sasa mnaelewa kwa nini kikohozi kile kilinikata maini.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, miguu imejaa tope, jani kavu la mgomba limemnasa begani.

"Mbona unapita migombani kama mwizi?" nilijaribu mzaha.

"Barabarani kuna askari," akasema. "Migomba haipigi filimbi."

Tukacheka kidogo, kwa mara ya mwisho. Shangazi akaingia na sahani ya ndizi. Mutalemwa aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini bila kula.

"Munywani, twende bomani. Wewe uliona. Waambie kwa Kiingereza chao. Nikisema mimi kwa Kihaya, mkalimani atayakata maneno yangu kama walivyoikata migomba."

Asubuhi ile ile nilikuwa nimekutana mjini na karani mmoja aliyehitimu chuo chetu miaka ya nyuma. Viatu vyake viling'aa. Alinishika bega, akaninong'oneza, "Mdogo wangu, kesi ya migomba usiiguse. Wakikuita mchochezi, chuo hakikujui tena." Maneno hayo yalikuwa bado yananitambaa mgongoni.

"Meli inaondoka leo," nikamwambia Mutalemwa.

"Meli hurudi."

"Siwezi."

"Huwezi, au unaogopa?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sitajisamehe. Nilitoa kiberiti sandukuni, nikakifungua mbele yake. "Sikuimeza," nikasema. "Kwa hiyo kiapo hakinishiki." Nilisema kama wakili! Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo!

Aliitazama punje ile, nyeusi, imekunjamana. Nilingoja anipige. Nilitamani anipige.

"Mimi ya kwako niliimeza," akasema.

"Yesu na Maria!" Shangazi alishika kichwa. "Mtoto, umefanya nini?"

"Nitaimeza sasa hivi," nikasema. Nikanyoosha mkono.

"Damu imekauka. Utakuwa unatafuna kahawa tu."

Wasomaji, alikamatwa kabla hajafika mjini. Shangazi alihudhuria kesi, akaniandikia. Alipoulizwa kama kuna mtu aliyeshuhudia, Mutalemwa alijibu, "Hakuna." Akafungwa. Hakulitaja jina langu, mimi ambaye siku ile ile aliyokamatwa nilikuwa nimeegemea ukingo wa meli nikiitazama Bukoba ikizama nyuma yangu.

Tangu hapo kahawa hainipiti kooni. Sikumeza kitu, lakini tumbo linajaa! Nikiwa darasani, mkono wangu unajipeleka wenyewe kitovuni kupapasa kama kumevimba. Daktari wa chuo anasema sina ugonjwa. Daktari hajui.

Na likizo imekaribia. Mama yake Mutalemwa atanipokea barabarani, atanimiminia kahawa kiganjani na kuniambia, "Tafuna, mwanangu, wewe ndiye uliyenibakia." Mwanawe alimkataza Shangazi asimwambie lolote. Nitatafunaje? Nitamwambia kwa mdomo upi?

Ninyi mnaopanda meli kwenda kusoma, nisikieni! Waliowaita ulimi wao hawakuwa wanawatania. Msidhani kiapo kinakaa kwenye punje, ukiitema umepona. Sivyo! Mimi niliitema, na haijanitoka.

Sikuwaambia alivyoondoka. Alinyanyuka, akamshukuru Shangazi kwa ndizi ambazo hakuzila. Nami nikanyanyuka, sijui ni kwa kumsindikiza au kwa kufunga. Akanizuia kwa kiganja.

"Kaa. Wewe usiuguse mlango huu," akasema. "Kiapo kinasema ukinifungia. Nitaufunga mwenyewe."

Akatoka, akauvuta taratibu kutoka nje, mpaka komeo likalia.